Kusanifu gia ndogo ya parafujo katika FreeCAD kwa ajili ya kuinamisha paneli ya sola

Paneli ndogo ya sola inayofuata jua huhitaji kugeuzwa polepole, kisha itulie pale ilipoachwa hata mota ikizimwa. Gia ya parafujo huzifanya kazi zote mbili: parafujo yenye hesi moja, yaani uzi mmoja tu wa meno unaoizunguka, ikizunguka mzunguko mzima, gurudumu lake husogea jino moja tu, na uzito wa paneli ukilisukuma gurudumu, parafujo hukataa kurudi nyuma. Nitaeleza namna ya kuisanifu katika FreeCAD, programu ya bure ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024, ingawa hesabu ni zile zile katika programu nyingine yoyote ya usanifu.

Usianze kwa kuchora. Fungua kwanza jedwali la hesabu lililomo ndani ya programu, uandike humo moduli (kipimo cha ukubwa wa jino), idadi ya hesi za parafujo, idadi ya meno ya gurudumu na kipenyo cha kati cha parafujo (kinachopimwa pale hesi na meno yanapokutana, si ukingoni), kila kimoja katika kisanduku chenye jina lake, ili michoro yote isome vipimo kutoka hapo. Mimi nimechagua moduli 1.5, hesi 1, meno 40 na kipenyo cha mm 20. Mengine yote huzaliwa na hayo manne: kipenyo cha kati cha gurudumu ni moduli mara idadi ya meno, yaani mm 60, umbali kati ya shafti mbili ni nusu ya jumla ya vipenyo, yaani mm 40, na hatua ya hesi, ambayo ni lazima ilingane na nafasi ya jino hadi jino kwenye gurudumu, ni moduli mara pai, yaani mm 4.712. Kipenyo cha nje cha parafujo huongezewa moduli mbili na kuwa mm 23, na kina cha hesi chini ya kipenyo cha kati ni moduli mara 1.25, hivyo kiini cha parafujo kinabaki na kipenyo cha mm 16.25.

Hesabu moja zaidi ndiyo inayoamua iwapo paneli itatulia. Tanjenti ya pembe ya mwinamo wa hesi ni moduli mara idadi ya hesi, ukigawanya kwa kipenyo cha kati cha parafujo. Hapa ni 0.075, yaani nyuzi 4.29. Msuguano wenye kigezo cha 0.1 una pembe ya nyuzi 5.7, na kwa kuwa mwinamo wa hesi ni mdogo kuliko pembe hiyo, gurudumu haliwezi kuigeuza parafujo. Gharama yake ni ufanisi, kwani gia inayojizuia kwa namna hii hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu inayoingia. Hii yetu itatoa takriban 40%, kwa hiyo mota yenye nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 0.1 itafikisha kama 1.6 kwenye shafti ya paneli badala ya 4. Tena grisi hupunguza msuguano na upepo huleta mtikisiko, na vyote viwili huweza kuifanya gia iteleze kidogo kidogo, kwa hiyo mahali ambapo mtu anaweza kuumizwa na mzigo ukishuka, weka breki ya pekee.

Sasa chora parafujo. Katika sehemu ya Part Design, tengeneza silinda ya kipenyo cha mm 23 na urefu wa mm 26, kisha kwenye bapa linalopita katikati ya mhimili wake chora umbo la mfereji utakaokatwa: trapeza ambayo kila ubavu wake umeinama nyuzi 20, yenye upana wa mm 0.99 chini, kwenye nusu kipenyo cha 8.125, na mm 2.356 kwenye nusu kipenyo cha 10. Usiishilize trapeza sawasawa na uso wa silinda. Iendeleze hadi nusu kipenyo cha 12, ambako upana wake ni mm 3.81, kwa sababu nyuso mbili zinapogusana bila kupishana programu mara nyingi hushindwa kukata. Anza mfereji mm 5 kabla ya silinda kuanza, ukate kwa mzingo wa hesi wenye hatua ya 4.712 na urefu wa 36, ili utokeze nje pande zote mbili.

Kwa gurudumu, njia fupi ni kutumia gia ya kawaida ya meno ya mshazari kutoka nyongeza ya gia inayopakuliwa ndani ya FreeCAD, yenye upana wa mm 11 na mwinamo wa nyuzi 4.29. Programu ikitaka moduli inayopimwa wima kwa jino, ipe 1.496 badala ya 1.5, la sivyo kipenyo kitavimba. Mwelekeo wa mwinamo nao usiuchukulie juujuu. Parafujo ya mkono wa kulia huenda na gurudumu la mkono wa kulia: ukivisimamisha vyote viwili mhimili ukiwa wima, hesi na meno hupanda kuelekea kulia. Niliwahi kuchapisha kwa printa ya 3D gurudumu la mkono wa kushoto, na kwa kuwa nyuzi 4 hazionekani kwa jicho, nilimaliza jioni nzima nikilaumu beringi kabla ya kupima na kukuta shafti zimepishana na pembe mraba kwa nyuzi 8 na ushei.

Meno hayo hugusana na hesi kwenye nukta tu, na kwa paneli ndogo yanatosha. Ukitaka mgusano mpana, tengeneza nakala ya parafujo yenye kipenyo cha nje cha mm 23.75, uitumie kama kisu: izungushe nyuzi 15, zungusha gurudumu nyuzi 0.375, kata, kisha rudia. Kompyuta itahema, basi kamilisha nafasi ya jino moja tu, uizungushe mara 40.

Ukimaliza, weka sehemu zote mbili kwa umbali wa mm 40, zungusha parafujo nyuzi 90 na gurudumu nyuzi 2.25, kisha iagize programu ionyeshe mahali zinapoingiliana. Kwa kazi ya kuchapishwa, panua mfereji wa parafujo kwa mm 0.2, lakini usiipanue nakala ya kisu.

Katika boksi la kushikilia gia, kumbuka kwamba parafujo husukumwa kwa urefu wa shafti yake. Kwa nyutoni-mita 1.6 msukumo huo ni karibu nyutoni 53, sawa na uzito wa kilo 5 na zaidi, na mota ikigeuka hubadili upande, kwa hiyo beringi za ncha zote mbili ziwe na ukingo wa kuzizuia. Beringi ya 608 inafaa kwa shafti ya mm 8, ila kipenyo chake cha nje ni mm 22 na parafujo ina 23, hivyo parafujo haitapita kwenye tundu la boksi linaloshika beringi. Gawa boksi vipande viwili tangu mwanzo. Matundu ya kufungia upande wa parafujo yafanye marefu kidogo, ili umbali kati ya shafti uweze kurekebishwa kati ya mm 40 na 40.4.

Plastiki ya PLA hulainika karibu na nyuzijoto 60, na nyuma ya paneli juani si mahali pake, tumia PETG, plastiki inayostahimili joto zaidi. Parafujo ikichapishwa imesimama, upande wa chini wa hesi hulegea, kwa hiyo ichapishe imelala ikiwa nusu mbili, au mpelekee fundi wa kukereza aikate katika chuma. Ukienda kwake, muulize kwanza kama mashine yake ina hesi za moduli, kwa kuwa hatua ya mm 4.712 haimo katika hesi za kawaida za milimita.