Somo: Kuendesha mashindano ya kesi ya kuigiza shuleni, na jinsi alama zinavyotolewa

Salaam wana klabu na walimu walezi. Tangu tumalize mashindano yetu mwezi uliopita, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mshtakiwa aliachiwa huru, sasa iweje upande wa Jamhuri ndio wakatangazwa washindi?" Anayeelewa jibu lake ameuelewa mchezo wote, kwa hiyo leo nalieleza hatua kwa hatua, ili shule yoyote hapa Dar, iwe Mbagala au Tegeta, iweze kuandaa ya kwake.

Kwanza tutofautishe mambo mawili. Mashindano ambayo wanafunzi wa sheria wa vyuo vikuu wameyazoea, kama Jessup, yale ya sheria za kimataifa, yaliyoanza mwaka 1960 au yale ya haki za binadamu ya Afrika yaliyoanza 1992, ni ya kujenga hoja za kisheria mbele ya majaji. Hayana mashahidi. Kesi ya kuigiza ni kesi inayosikilizwa tangu mwanzo: kuna mashahidi kizimbani, vielelezo, dodoso (wakili kumhoji shahidi wa upande wa pili) na pingamizi. Mtindo huu umeota mizizi Marekani, ambako sekondari zina mashindano ya taifa tangu 1984 na vyuo vina chama chao tangu 1985. Mfumo wa alama nitakaoueleza ni wa vyuo vya huko.

Hatua ya 1: Pakiti ya kesi. Timu zote zinapewa pakiti ile ile: hati ya mashtaka, maelezo ya mashahidi, vielelezo, na kanuni chache za ushahidi. Sisi tulitunga kesi ya wizi wa pikipiki usiku, shahidi mkuu akiwa muuza chipsi. Kwenye pakiti tuliweka pia kanuni za kumtambua mtu kutoka kesi ya Waziri Amani (hilo ni jina la mtu, si cheo) dhidi ya Jamhuri, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1980: shahidi alimwangalia mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, kwenye mwanga wa aina gani, na kama alimfahamu kabla. Mtoto wa kidato cha tatu anazielewa vizuri kabisa, kwa sababu usiku wa umeme kukatika anaujua.

Sheria kuu ya pakiti: shahidi haongezi jambo zito ambalo halimo kwenye maelezo yake. Akiongeza, wakili wa upande wa pili anamsomesha maelezo yake mwenyewe mbele ya wote, na alama zinamtoka.

Hatua ya 2: Timu. Mawakili watatu na mashahidi watatu kwa kila upande. Kila wakili anamwongoza shahidi mmoja wa upande wake na kumdodosa mmoja wa upande wa pili. Mmoja anatoa hoja za ufunguzi, mwingine majumuisho. Ongeza mtunza muda. Kila timu ijiandae kwa pande zote mbili, maana raundi hii utakuwa Jamhuri na ijayo utetezi.

Hatua ya 3: Nendeni mahakamani. Kesi husikilizwa hadharani. Kaeni Mahakama ya Kisutu asubuhi moja tu, kimya, sare zikiwa safi, mwone wakili anavyosimama na kumwita mwenzake "wakili msomi" hata wanapokwaruzana. Video haifundishi hivyo.

Hatua ya 4: Mtiririko wa siku. Ufunguzi wa pande zote, mashahidi wa Jamhuri, mashahidi wa utetezi, kisha majumuisho. Vyuo vya Marekani hutoa dakika 25 kwa kila upande kuongoza mashahidi wake wote, dakika 25 nyingine za dodoso, na 14 za ufunguzi na majumuisho kwa pamoja. Sisi tulizigawa kwa nusu. Mtunza muda anainua kadi, hasemi neno.

Kumbuka tofauti hii: unapomwongoza shahidi wako, maswali elekezi (yanayobeba jibu ndani yake) hayaruhusiwi, unapomdodosa wa wenzako, yanaruhusiwa, na ndiyo silaha yako.

Hatua ya 5: Alama. Hapa naomba utulivu. Jaji anayeongoza kesi anaamua pingamizi. Majaji wa alama, angalau wawili, wanajaza karatasi zao bila kushauriana. Kila upande una visanduku 14, kila kimoja mpaka alama 10: ufunguzi kimoja, majumuisho kimoja, mawakili kuongoza vitatu, mawakili kudodosa vitatu, mashahidi wanapoongozwa vitatu, mashahidi wanapododoswa vitatu. Jumla ni 140.

Hesabuni wenyewe: mashahidi wamebeba 60 kati ya hizo 140. Halafu utakuta mwalimu amewapanga wasemaji hodari wote kuwa mawakili, na ushahidi amewaachia "waliobaki"! Jambo hili linaniuma, maana nimeona timu nzuri zikianguka kwa sababu hiyo peke yake.

Nawapa mfano wa siku ile. Wakili wa utetezi alikuwa anambana muuza chipsi vizuri sana:

"Saa tatu usiku umeme ulikuwa umekatika, sivyo?"
"Ndiyo."
"Mwanga uliokuwepo ulikuwa wa jiko lako la mkaa tu?"
"Ndiyo."
"Uso wake hukuuona?"
"Sikuuona."

Angekaa hapo. Lakini akauliza: "Sasa ulimtambuaje?" Binti akaweka mikono juu ya kizimba, akamgeukia jaji anayeongoza kesi, akajibu taratibu: "Kwa sauti, Mheshimiwa. Ni mteja wangu, kila Ijumaa ananiambia niongeze pilipili." Jambo hilo lilikuwemo kwenye maelezo yake, mstari wa mwisho. Jaji mmoja wa alama alimpa binti 9 na wakili 4.

Jaji aliyeongoza kesi aliona kumtambua mtu kwa sauti peke yake ni ushahidi dhaifu, akamwachia mshtakiwa, na kisheria alikuwa sahihi. Lakini kisanduku cha "nani ameshinda kesi" hakipo kwenye karatasi ya alama. Kinachopimwa ni kazi ya wanafunzi, si hatima ya mshtakiwa.

Hatua ya 6: Kupata mshindi. Karatasi moja ya jaji ni kura moja. Ukimpita mwenzako kwa alama 1 au 30, kura ni ile ile. Mkilingana, kila mmoja nusu. Raundi ya kwanza pangeni kwa kura ya bahati. Zinazofuata, wenye kura nyingi wakutane wao kwa wao. Timu zikilingana kura, angalieni kwanza nani alikutana na wapinzani wagumu zaidi, halafu ndipo tofauti ya alama.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo wakili. Tunaruhusiwa kutumia Kiswahili? (Mwanafunzi, Temeke)*
Marahaba mwanangu. Tumieni bila wasiwasi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu. Wasikilizeni mawakili wakubwa mwone walivyozoea kusema "pasipo kuacha shaka".

*Pingamizi langu likikataliwa napoteza alama? (Mwanafunzi, Sinza)*
Kukataliwa si kosa. Jaji anaangalia kama ulisimama kwa wakati, ukataja sababu, kisha ukapokea uamuzi kwa heshima. Ukipinga kila sentensi ili kumvuruga mwenzako, hapo unaumia.

*Mwalimu mwenzangu, hatuna mawakili wa kuja kutoa alama. Tufanyeje? (Mlezi wa klabu, Kigamboni)*
Waombe wanafunzi wa sheria wa vyuo, au hata walimu wa lugha na uraia kutoka shule isiyoshindana. Wape karatasi siku mbili kabla, na nusu saa ya kufanya jaribio la pamoja: wote wampe alama shahidi mmoja, kisha walinganishe. Mmoja akitoa 5 na mwingine 9 kwa kazi ile ile, zungumzeni kwanza kabla ya raundi kuanza.

*Mwanangu ana kigugumizi lakini analia kutaka kushiriki. Asije akaiangusha timu? (Mzazi, Tabata)*
Mama, mlete. Mpeni nafasi ya shahidi, mumuulize yeye mwenyewe ni maneno gani yanamkwama, na wakili wake amtungie maswali yanayojibika kwa sentensi fupi. Waambieni majaji kabla ya kuanza kwamba asikatwe alama kwa kukawia kutamka, na mtunza muda aijue hali hiyo. Mazoezi ni Jumamosi saa nne asubuhi. Aje na daftari na kalamu ya risasi, pakiti nitampa mimi.