Mbwa wa Polisi na Siku ya Kukamatwa: Mambo ya Kuzingatia Kabla

Sisi wa Mombasa wengi wetu hatukulelewa na mbwa. Mtoto wa Kibokoni akimwona mbwa huvuka njia, na mtu mzima akilambwa huwaza twahara ya kanzu yake. Kwa hiyo la kwanza la kujizoeza ni kutokimbia. Mbwa wa polisi wa kukamata hufunzwa kumfukuza anayetoroka, kumng'ata na kumshikilia mpaka asikie amri ya kuachia. Simama, mikono ionekane, useme kwa sauti: "Nimesimama, sikimbii." Wafundishe vijana wa nyumbani maneno hayo mapema, kabla ya usiku wa msako.

Kisha ujue mpaka uko wapi. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linamtaka askari aanze na njia zisizo za nguvu. Akilazimika, nguvu zilingane na uzito wa kosa na ukaidi wa anayekamatwa. Mbwa akitumwa kumtoa mtu mwenye silaha aliyejificha, hilo lina hoja. Kumwachilia juu ya kijana aliyekwisha kulala kifudifudi, au kumwacha aendelee kung'ata pingu zikiwa mkononi, ni nguvu kupita kiasi, hata kama kosa alilitenda kweli.

Hapa ndipo kesi nyingi zinaweza kupotea. Mkono uliobanwa na meno hujivuta wenyewe. Ni mwili unaoumia, wala si ukaidi, lakini kwenye maelezo huweza kuandikwa "alipigana na askari". Shahidi basi akumbuke mpangilio: mikono ilikuwa wapi mbwa alipoachiliwa, onyo lilitolewa au la, amri ya kuachia ilikuja baada ya muda gani. Jirani anayerekodi asimame mbali, asiingilie, na asizime simu mpaka mbwa aondolewe.

Jeraha la mbwa hudanganya macho. Juu utaona matundu manne madogo, ndani nyama imepondeka. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15; mfereji ukiwa mkavu, mimina ya mtungi. Udongo wa kutwaharisha usiguse kidonda, hayo mengine muulize shekhe baadaye. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na habari ya chanjo ya kichaa cha mbwa na pepopunda aamue daktari. Ukiwa mikononi mwa polisi, ni wajibu wao kukupatia matibabu na kuwajulisha jamaa zako.

Piga picha kidonda kando ya sarafu ya shilingi ili ukubwa uonekane, tena kila siku kinapobadilika rangi. Suruali iliyochanika usiifue. Itie kwenye mfuko wa karatasi. Chukua nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, na fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, ijazwe na daktari, ubaki na nakala. Malalamiko yapeleke IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, simu ya bure 1559, na hapa mjini yapo mashirika ya haki za binadamu, MUHURI na Haki Africa. Usikawie: kesi ya madhara dhidi ya Serikali ina miezi 12 tu.

Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuwasiliana na wakili na kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Lakini simu yako huenda ikachukuliwa mlangoni, basi nambari moja ya jamaa ihifadhi kichwani leo.