Umekuta mmea ambao haumo kwenye orodha ya Tanzania? Fanya hivi

Mvua za Dodoma zikishika Desemba, kufikia Februari miamba imevaa vijimea ambavyo mwezi wa saba huvioni tena. Ndio msimu wa kupigiwa simu: "Mwalimu, nimegundua mmea!" Tulia kwanza. Mmea mpya kwa sayansi ni jambo moja. Mmea unaojulikana Zambia lakini haujawahi kurekodiwa Tanzania ni jambo lingine, na huo wa pili ndio utakaoupata.

1. Kibali kwanza. Utafiti unapitia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), hifadhi za misitu zina wenyewe, na serikali ya kijiji usiipite kimyakimya.

2. Chuma tawi lenye maua, na matunda yakiwepo. Mmea mdogo ng'oa na mizizi, ila ukikuta mashina machache tu, acha mizizi ardhini. Chukua nakala tatu, zote zenye namba ileile ya sampuli.

3. Andika palepale. Hapa ndipo watu wanapokwama, mimi nikiwemo: niliwahi kusema "nitaandika jioni", jioni ua lilikuwa kahawia na mpaka leo sijui lilikuwa la zambarau au la bluu. Rangi, harufu, utomvu, urefu, aina ya udongo, mwinuko, majira-nukta (namba za GPS za mahali hapo), tarehe, jina la kienyeji. Jani likikauka, rangi na harufu zimekwenda.

4. Bana kati ya magazeti na maboksi, funga mkanda, badili magazeti kila siku. Mimea minene kama mishubiri ichovye kwanza kwenye maji yanayochemka, la sivyo itaendelea kukua humohumo ndani.

5. Linganisha. Flora of Tropical East Africa, yaani vitabu vya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, ilichapishwa kuanzia 1952 hadi 2012. Humo Tanzania bara imegawanywa kanda T1 hadi T8, na Dodoma iko T5. Mmea kukosekana T5 hakumaanishi haupo nchini, tazama kanda zote. Kisha angalia majirani. Vichaka vya Itigi, mkoani Singida, vina ndugu zao Sumbu, Zambia, kwa hiyo hata vitabu vya kusini vifungue.

6. Peleka nakala hebaria, yaani hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au ile ya taifa Arusha. Mtaalamu wa familia hiyo ya mimea akithibitisha, ndipo uandike makala yenye namba ya sampuli.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Kongwa:* Mkuu, picha ya simu haitoshi?
Inasaidia kwa rangi. Lakini kwenye picha huwezi kupasua ua ukahesabu vyumba vya ovari.

*Mwanafunzi, UDOM:* Shikamoo mwalimu. Bibi yangu ana jina la Kigogo la mmea nilioukuta. Tunaugunduaje?
Marahaba. Hatuugundui, tunaurekodi. Andika jina la bibi kwenye lebo, akiridhia. Muulize pia kama jina hilo anaita mmea mwingine. Mara nyingi jina moja lina mimea miwili.

*Mwanachama, Bahi:* Mimi nimekuta gugu geni kando ya barabara ya malori. Linahesabika?
Linahesabika, na ndilo la kushughulikiwa haraka kuliko yote. Gugukaroti (Parthenium), gugu geni pia, lilionekana Arusha 2010, leo ni balaa la mashamba. Vaa glavu, andika kwamba limeletwa si la asili, mwambie bwana shamba wiki hiihii. Sampuli ifunge vizuri, usije ukamwaga mbegu njiani hadi Dodoma mjini.