Kuchagua kitabu cha sauti cha mapenzi ya giza

Anza na maonyo ya maudhui. Riwaya za mapenzi ya giza (dark romance) hubeba utekaji, ukatili na ridhaa yenye utata, na masikio hayawezi kuruka aya kama macho. Ukisogeza mbele sekunde 30 unaweza kuangukia katikati ya tukio lile lile unalolikwepa. Kama maelezo ya duka hayasemi kitu, tafuta kwenye tovuti ya mwandishi.

Kisha sikiliza sampuli hadi mwisho, ukiangalia wasimulizi wamegawanaje kazi. Wakiwa wawili, wa kike na wa kiume, wakipokezana sura, msimulizi wa kike huigiza pia maneno ya mwanamume katika sura anazosoma yeye, hivyo mhusika mmoja anapata sauti mbili. Mpangilio mwingine ni kila msimulizi kusema maneno ya mhusika wake kitabu kizima. Huu ndio bora kwa mapenzi ya giza, kwa sababu tishio na mvuto hukaa katika sauti moja. Mkwepe msimulizi anayenguruma kila sentensi: hofu huisha mapema, na tukio kubwa likifika hana pa kupanda.

Hadithi ikiwa ya utawala wa kidhalimu wa siku zijazo, kinachopoteza wasikilizaji ni majina ya matabaka na sheria za kubuni. Sura 3 za kwanza zisikilize kwa spidi ya 1.0, yaani ya kawaida, huku ukiandika majina. Baadaye panda hadi 1.2. Ukipita 1.5, kimya kile kabla ya jibu, kinachobeba mahaba yenyewe, hufupika mno.

Usiku, weka kipima muda kizime mwisho wa sura.