Somo: Amsha ari ya mwanafunzi kabla ya kununua zawadi

Asalaam aleikum walimu wenzangu. Somo la leo linasimama juu ya nadharia ya Edward Deci na Richard Ryan, wanasaikolojia wa Marekani walioieleza kwa kirefu katika kitabu chao cha mwaka 1985. Kwa mujibu wao, mtu hujituma kwa hiari pale anapojiona anaweza, anapokuwa na sauti katika anachokifanya, na anapojua yuko na watu wanaomthamini. Mifano yangu ni ya hesabu za Gredi ya 7 hapa Amu (Lamu).

Hatua ya 1: Anzia kwenye ujuzi walio nao

Mtoto wa mvuvi anajua kuwa bamvua, yaani maji kujaa na kupwa sana, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na baada ya kama juma moja hufuata maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Anajua pia kuwa maji huchelewa kujaa kila siku. Basi andika ubaoni: Jumatatu maji yamejaa saa 9:20 alasiri, na kila siku huchelewa takriban dakika 50. Alhamisi yatajaa saa ngapi? (Saa 11:50 jioni.) Aliyewahi kungoja maji ili apande boti ya Pate haoni kuwa hili ni swali la kitabu. Ataanza kubishana na mwenzake, na ubishi huo ndio tunaoutaka.

Usidhani kila mtoto ni wa baharini. Uliza. Yuko ambaye jamaa zake wanalima Mpeketoni, yuko ambaye bibi yake anasuka ukili Matondoni. Wote wana hesabu nyumbani kwao.

Hatua ya 2: Swali la kwanza liwe la kufaulu

Mwaka 1977 Albert Bandura alieleza kuwa imani ya mtu juu ya uwezo wake hujengwa zaidi na yale aliyoyafanya akafaulu kuliko maneno ya kutiwa moyo. Kwa hiyo panga maswali kwa ngazi, la kwanza kila mmoja alipate. Lakini liwe swali la kweli, kwa sababu watoto hutambua haraka wanapodharauliwa.

Hatua ya 3: Wape uchaguzi, usiozidi kazi tatu

Tukifika kwenye mada ya eneo, wachague: kupima tanga la mashua, kiwanda (ua wa ndani) cha nyumba yao, au mkeka. Stadi ni ile ile.

Hatua ya 4: Sifia njia aliyopita

Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha utafiti mwaka 1998. Watoto waliosifiwa kwa akili zao walivunjika moyo upesi walipokutana na maswali magumu, kuliko waliosifiwa kwa bidii. Badala ya “Una akili wewe!”, sema, “Nimeona umefuta, ukajaribu njia nyengine.”

Hatua ya 5: Zawadi, tahadhari nayo

Hapa nawaomba msome polepole. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichukua watoto wa chekechea waliokuwa wakipenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti likichora, la pili likapewa cheti bila kutarajia, la tatu halikupewa kitu. Juma moja hadi mawili baadaye, wale walioahidiwa walichora kwa hiari kama nusu tu ya muda wa wenzao. Ahadi ya cheti ilikuwa imepunguza mapenzi waliyokuja nayo.

Kwa hiyo mtoto akipenda kusoma hadithi, usimwahidi peremende kwa kila ukurasa. Muulize ilimvutia wapi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi niko Malindi, Gredi ya 4, watoto wamepita sitini. Kazi za kuchagua nitazisahihisha vipi?*

Pole kwa mzigo, dada. Wagawe kwa kazi waliyochagua, watu watano watano, kila kundi lilete karatasi moja. Makundi mawili yenye kazi sawa yabadilishane yasahihishane, kisha wewe upitie zile walizokosa kuafikiana.

*Ustadh, chuoni kwetu (madrasa) mtoto akihitimu hufanyiwa sherehe na hupewa zawadi. Tuache?*

Msiache, ndugu yangu. Sherehe ile humwambia mtoto kuwa amefika na kwamba watu wake wanaona. Hiyo ni haja ya kwanza na ya tatu za Deci na Ryan kwa pamoja. Ninachokihofia ni malipo yanayoahidiwa kila siku kwa kila aya, hata mtoto asome akiangalia mkono wa mwalimu.

*Nina mmoja hajibu lolote. Huja amechelewa, kichwa juu ya dawati. Nimejaribu hatua zote.*

Je, amekula? Abraham Maslow aliandika mwaka 1943 kuwa mwenye njaa huwaza chakula kwanza, na mengine yote husubiri. Kusi ikivuma na bahari ikichafuka, ziko nyumba zinazokosa kitoweo na pesa ya unga. Muulize faraghani, kwa upole, wala si mbele ya wenzake. Ukigundua ni njaa, zungumza na mwalimu mkuu siku hiyo hiyo kuhusu chakula cha shule. Ikiwa ni jambo la nyumbani, mtafute mama yake au bibi yake uende ukaongee naye, na hesabu zingoje.