Mbwa anaumwa sikio: jinsi ya kumwekea dawa ya matone bila kumharibu

Mbwa wangu ni jike, ana masikio yale ya kulala, na kila Jumapili tukienda Kigamboni lazima aingie baharini, sasa ikifika Jumatano unamkuta anatikisa kichwa, anajikuna sikio kwa mguu wa nyuma mpaka analia. Ukimnusa unakutana na harufu ya chachu, kama unga ulioumuka ukapitiliza. Mara nyingi hiyo ni fangasi, ila usiamini pua peke yake manake bakteria nao wananuka, na ule uchafu mkavu mweusi kama unga wa kahawa unaweza kuwa utitiri, na kila kimoja kina dawa yake.

Sasa kinachoniuma ni hiki: mtu anaenda duka la dawa za mifugo, anasema nipe ya masikio, anapewa chupa, anafika home anamimina. Jamani hapana. Kama ngoma ya sikio imetoboka, dawa kama gentamaisini, hata klorheksidini ya kusafishia, zikipenya mpaka ndani zinaweza kumuacha mbwa kiziwi au akawa anaanguka anguka, na uziwi huo unaweza usirudi nyuma. Wewe kwa macho huwezi kuiona ngoma, maana sikio la mbwa linashuka chini kwanza halafu linakata kona kama herufi L. Daktari wa mifugo anaingiza otoskopu, kile kifaa cha kuchungulia ndani ya sikio, anaangalia, anachukua uchafu kidogo kwa pamba, anaupaka kwenye kioo na kuupima kwa darubini. Dawa iliyobaki ya mwaka jana, au matone yako wewe binadamu, weka pembeni.

Ukishapewa dawa, tafuta mtu wa kukushikia mbwa, kaeni nje. Chupa ishike mkononi kidogo ipungue ule ubaridi. Anza kusafisha na maji ya kusafishia aliyokuandikia daktari, sio spiriti, sio peroksaidi, sio siki, kidonda kitaungua na kesho akikuona na chupa atakukimbia. Mimina, halafu shika pale chini ya sikio karibu na taya, utagusa kitu kigumu kama kipande cha mpira wa maji, hapo ndo pa kukanda, taratibu, na ukikanda sawasawa utasikia chwa chwa chwa. Muachie ajitikise, futa kwa pamba pale kidole kinapofika tu. Vile vijiti vya pamba usitumie kabisa, vinasukuma uchafu kwenye kona.

Subiri sikio likauke kidogo ndo uweke dawa. Inua sikio juu, dondosha matone uliyoambiwa bila mdomo wa chupa kugusa ngozi, kanda tena kama nusu dakika, maana usipokanda dawa inabaki juu na ugonjwa uko chini kwenye ile kona. Akijitikisa geuza uso, dawa isikuingie machoni, na yake pia yalinde.

Dozi nyingi ni siku 7 mpaka 14. Siku ya tatu harufu inakata, watu wengi wanaacha hapo, na ugonjwa unarudi ukiwa sugu zaidi. Maliza, halafu mrudishe kwa daktari akague tena. Kama kila miezi miwili mnarudi palepale, muulize habari za aleji, maana sikio linakuwa linaonyesha tu tatizo la ngozi au chakula.

Ukiona anainamisha kichwa upande mmoja, anayumba, macho yanacheza cheza, unamwita hasikii, au sikio limezidi kuwa jekundu, acha dawa saa hiyo hiyo na mpigie daktari. Na kama jani la sikio limevimba kama mto mdogo, hiyo ni damu imejikusanya sababu ya kujitikisa sana, usiitoboe nyumbani.