Kasa akitaga ufuoni Lamu: namna ya kukilinda kiota

Lamu kasa hutaga karibu mwaka mzima, ila wengi hupanda ufuoni kati ya Machi na Julai: Shela, Manda, Kipungani, na kuendelea kaskazini hadi Kiwayu na visiwa vya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotengwa mwaka 1979.

Kabla ya kugusa mchanga, ijueni sheria. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inamlinda kasa pamoja na mayai, nyama, mafuta na gamba lake. Kuwa na gamba la ng'amba (aina ya kasa mwenye mdomo uliochongoka kama wa mwewe) nyumbani bila kibali ni kosa la jinai, na mahakama inaweza kutoa kifungo au faini ya mamilioni. Kuhamisha mayai kwa nia njema nako kunataka idhini. Kwa hiyo pigeni simu kwanza kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), au kwa kikundi kilichoidhinishwa nalo. Msipokuwa na nambari, ulizeni BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo) ya bandari yenu.

Someni nyayo alfajiri, kabla upepo na punda hawajazifuta. Kasa wa kawaida (wa kijani) husukuma kwa mapezi yote mawili kwa pamoja, hivyo alama zake hulingana kulia na kushoto, na upana hufika kama mita moja. Ng'amba hupishanisha mapezi na njia yake ni nyembamba zaidi. Mchanga uliorushwa na shimo pana lililofukiwa ni dalili kwamba ametaga. Akiwa amepanda na kugeuka tu, huenda hakutaga. Msichome kijiti kutafuta mayai. Yai likitoboka huoza, na harufu yake huwaita kaa na siafu wakamaliza yaliyobaki.

Sasa kuna swali moja: maji ya bamvua, yaani yanayojaa sana mwezi unapoandama au kuwa mpevu, yatafika hapo? Tazameni mstari wa mwani na taka ulioachwa na bamvua kubwa. Kiota kilicho juu ya mstari huo kiacheni palepale, hata kama mahali pake hampapendi. Kulowa mara moja si lazima kuue mayai. Yanayokufa ni yale yanayofunikwa na maji tena na tena, kwa sababu yai hupumua kupitia ganda lake.

Kikiwa chini ya mstari, kihamisheni ndani ya saa 6 tangu kasa alipotaga. Baada ya hapo kiinitete hushikamana na sehemu ya juu ya ganda, na yai likigeuzwa hufa. Hapa ndipo wengi wenye moyo mzuri huharibu kiota kizima.

Chimbeni kwa mikono, si kwa jembe. Pimeni kina cha shimo, kutoka usawa wa mchanga hadi yai la chini kabisa, na upana wa chumba cha mayai. Toeni yai mojamoja bila kulizungusha, mliweke ndooni juu ya mchanga mbichi wa kiota hicho, na ndoo ifunikwe isipigwe na jua. Kiota kimoja huweza kuwa na mayai zaidi ya 100. Shimo jipya liwe na vipimo vilevile: mdomo mwembamba, tumbo pana, na angalau mita moja kutoka kiota kingine. Rudisheni mchanga mbichi kwanza, mkavu juu, wala msiukanyage. Msikijengee paa la makuti bila ushauri: joto ndilo huamua jinsia. Karibu na nyuzijoto 29 madume na majike hukaribiana kwa idadi; kivuli huongeza madume, jua kali huongeza majike.

Penye mbwa, lazeni wavu mgumu wa plastiki wenye matundu ya sentimita 8 hadi 10, ili vitoto vipite. Andikeni tarehe.

Vitoto hutoka baada ya siku 50 hadi 65, kwa kawaida usiku. Wenye nyumba na hoteli za ufuoni wazime taa zinazoelekea baharini, maana vitoto hufuata mwanga na kupotelea bara. Sawazisheni mashimo na nyayo za watu njiani. Msivibebe hadi majini. Viacheni vitambae vyenyewe.

Saa 72 baada ya kundi kubwa kutoka, mwenye idhini afukue: ahesabu maganda matupu, mayai yasiyoanguliwa na vitoto vilivyokwama, kisha apeleke hesabu KWS. Viota vinavyokufa mahali palepale mwaka hadi mwaka huonyesha ufuo unaomomonyoka. Hapo zuieni uchotaji wa mchanga na ukataji wa majani yanayotambaa juu ya vilima vya mchanga.